Nyusi Haziandikwi

Barua ya mahakama iliingia Jumanne
pamoja na bili ya umeme na tangazo la matairi.
Niliisoma nimesimama, koti bado mwilini:
mwanamke mmoja, miaka hamsini na saba,
mkazi wa Aasiaat, Grinilandi,
anadai kwamba baba yake ni baba yangu.

Baba tulimchoma. Ndivyo alivyotaka.
Majivu hayatoi ushahidi,
kwa hiyo walitaka mate yangu.

Muuguzi wa Esbjerg alikuwa na mafua.
Kijiti cha pamba, shavu la kulia, shavu la kushoto,
polepole, kama anayepaka rangi mlango wa nyumba ya mwanasesere.
“Basi?”
“Basi.”
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata, kumbe, nilikuwa nayo kinywani
miaka yote hii, nikiilia supu.

Tulijua alikwenda. Kiangazi kimoja,
fundi mitambo kwenye kiwanda cha uduvi,
mimi nikiwa sijaanza shule.
Alirudi na kisu chenye mpini wa pembe
na tabia moja iliyomkera mama hadi kaburini:
jibu likiwa ndiyo, hakufungua mdomo,
aliinua nyusi.
Likiwa hapana, alikunja pua.
“Una mdomo, Aksel! Utumie!”
Nilidhani ni uvivu wa watu warefu.

Kwenye cheti cha mtoto wa kule,
mahali pa jina la baba,
karani alichora mstari. Hakuulizwa, hakuuliza.
Wahenga walisema kitanda hakizai haramu.
Kitanda kile kilizaa mstari,
ukakua, ukasoma, ukaolewa,
ukazika mume, ukapanda ndege tatu
ukaja kuketi mbele yangu na sweta ya bluu.

Jina lake Pipaluk. Mikono yake myekundu,
ya mtu aliyemenya uduvi maisha yake yote.
Jaji akamuuliza: “Safari ilikuwa salama?”
Akainua nyusi.

Nilishika ukingo wa meza.

Wakati wa mapumziko, kwenye mashine ya kahawa,
binti yake alinicheka kwa upole:
kwetu kila mtu hujibu hivyo,
mchungaji, mwalimu, hata watoto wa chekechea.
Basi si damu. Ni lugha.
Haithibitishi kitu
ila kwamba mtu fulani, kiangazi kile,
alimuuliza baba maswali kwa ukaribu wa kutosha
mpaka akajifunza kujibu kwa uso.

Mtaalamu alisoma: asilimia tisini na sita nukta tatu.
Wakili wa dada yangu Gerda akasimama.
(Kuna nyumba ya likizo ufukweni, paa linavuja,
lakini ardhi imepanda bei.)
“Na hizo tatu nukta saba?”
Mtaalamu akavua miwani.
Ndugu kwa ndugu, alisema, si kama baba na mwana,
ni kama kuutambua wimbo kupitia ukuta.

Mimi niliziwazia hizo tatu nukta saba.
Chumba kidogo kisicho na jiko la moto,
ndani yake amesimama mwanamume mwingine,
sijui ni nani, baharia labda,
kofia mkononi, anangoja aitwe.
Hakuna aliyemwita.
Nilipiga hesabu hata ya ile asilimia kubwa:
nusu ya chumvi, nusu ya ukaidi,
vidole vya miguu vilivyopandana.
Sikuthubutu kumwomba avue viatu.

“Bwana Preben Kjeldgaard,” jaji akasema,
“unayakubali matokeo?”

Nikainua nyusi.

Pipaluk aliona kabla ya wote. Akainama,
akawa anatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo.

“Jibu kwa maneno, tafadhali,” jaji akasema.
“Nyusi haziandikwi.”
Vidole vya karani vilining'inia juu ya vitufe,
na upande wa pili wa ukumbi
Gerda, ambaye hakuwahi kufika kokote kaskazini,
alinitazama mimi,
akakunja pua.